Injini Yako Inazima Pale Pale

Kaka Lado,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Mama hakisomi, na kuna mambo humu sitaki ayaone. Ndiyo lugha yetu ya ukimbizini, uliyorudi nayo kutoka Uganda pamoja na injini kuukuu ya boti na ubishi wako wote. Natumaini huko uliko hujaisahau.

Nianze na injini, maana najua ungeiulizia kabla hujauliza hali yangu. Nimeifukua. Pale nyuma ya zizi la mbuzi ulipoizika pamoja na tangi lake, ndani ya turubai, hakuna aliyepagundua. Wale wenye bunduki waliokuwa wakipita kisiwani kwetu kuchukua injini za watu hawakuipata. Hapo uliwashinda, Kaka. Lakini siku ile ulivuka mto kwa kasia, polepole, na risasi ikakukuta katikati ya maji. Mpaka leo hatujui ilitoka ukingo upi. Nikifikiri kwamba kwa injini ungekuwa umeshafika, naacha kazi niliyoshika.

Tulikuzika kisiwani, kando ya shamba la bamia. Sasa bunduki zimeanza kulia tena, na majirani wote wamehamia mjini, wengine wako huko mtaa wa New Site. Mama alibaki peke yake na kaburi lako. Nikatoka kwangu mjini kwenda kumchukua. Injini iliwaka bila taabu, tukaondoka vizuri, na tulipofika pale, pale pale unapopajua, ikakohoa, ikazima.

Boti ikaanza kuchukuliwa na maji. Nilifungua mfuniko wa tangi nione kama petroli ipo, na tangi likashusha pumzi. Sitanii. Pumzi ndefu, ya mtu aliyechoka. Nilifunga, nikavuta kamba, na injini ikawaka kama haijawahi kugoma. Mama alikuwa ameshanishika mkono.

"Mwanangu hataki nimwache," alisema. "Nirudishe."

Nilimrudisha. Ningefanya nini? Nikavuka peke yangu, na injini ikazima tena pale pale, na tangi likapumua tena. Nilivuta ile kamba huku machozi yananitoka, nikikusihi uniache nipite.

Mjini nilijikaza, nikajiambia ni petroli. Siku hizi tunanunua ya chupa, barabarani, na unajua watu wanavyoichanganya na maji. Nikaichuja kwa kitambaa. Nikaisugua plagi, nikafungua kabureta na kuipuliza mpaka midomo ikawasha. Halafu nikaifunga injini kwenye bodaboda, tangi nikaliacha nyumbani, nikaipeleka soko la Konyo Konyo kwa yule fundi Mganda uliyekuwa ukigombana naye kuhusu mpira. Aliitumbukiza kwenye pipa la maji, akaiunganisha na jerikeni lake mwenyewe kwa kuwa haamini petroli ya mtu, akaiwasha. Iliimba, Kaka. Aliiacha iungurume mpaka pipa likatokota.

"Hii injini haina shida, dada," aliniambia. "Iko na shida ya mwenyewe."

Alikuwa ananitania mimi. Mimi nilikufikiria wewe. Nilirudi nayo mtoni, na katikati ya maji ikazima. Mama alikuwa amesimama ukingoni ananitazama, na nilipofika aliingia kupalilia bamia.

Tangu hapo sikuwa na amani hata mchana. Jenereta ya mtu ikikohoa sokoni, nageuka. Nikifungua chupa ya soda, mkono unasita. Na habari za upande wa pili zilizidi kuwa mbaya, wanaokuja wanakuja na magodoro kichwani, na Mama bado yuko kule.

Kilichoniokoa ni maneno yako yale ya kuudhi. Nikishika tu spana, unaninyang'anya: "Poni, wewe sikiliza kwanza, alafu ndio ushike." Basi nikaifunga boti kwa kamba kwenye mti kisiwani, nikaiwasha ikiwa imefungwa, nikakaa kusikiliza. Ilinguruma. Ikaendelea. Halafu nikasikia bati la tangi linagongagonga, na kile kipira cha kupampu petroli kikabonyea chenyewe, kikawa bapa. Injini ikakohoa, ikafa. Tulikuwa ukingoni, Kaka, mbali kabisa na pale. Ile safari ya kutoka nchi kavu hadi katikati ya mto ndiyo ilikuwa pumzi yake yote.

Nikaung'oa mfuniko, nikauosha. Ulikuwa bado na udongo wa kule ulikouzika. Chini ya udongo, kwenye kitundu cha hewa kilichopoteza skrubu yake zamani, kulikuwa na sabuni. Sabuni ya mche, umeikandamiza udongo usiingie, kama mnavyoziba matangi yanayovuja. Imekauka ngumu. Na juu yake kuna alama ya dole gumba lako, pamoja na lile kovu uliloachiwa na kamba ya kuwashia.

Sikuweza kuitoa. Nilikaa nayo mapajani. Petroli inataka hewa iingie ndipo itoke, hilo wewe ndiwe uliyenifundisha, na aliyeizuia ni wewe, kwa kuitunza. Ulikusudia kuizibua mwenyewe ukirudi.

Nilimpelekea Mama. Hakuhitaji maelezo mengi, aliliona kovu. Aliweka kidole chake juu ya chako, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akaitoa sabuni taratibu kwa pini ya nywele, ikatoka nzima, akaifunga kwenye pembe ya lawa yake, lile shuka analovaa begani. Akaenda kufungua mbuzi.

Tulivuka asubuhi. Tulipokaribia pale Mama alifumba macho. Mimi nilisikiliza kwa mwili mzima. Injini haikukohoa, hata haikupunguza sauti. Tukapita. Mama akafumbua macho, akatazama nyuma.

"Basi ameondoka kweli," alisema, na akalia kilio ambacho siku ya mazishi hakikutoka.

Nilidhani nitafurahi. Nimemtoa Mama, yuko kwangu, anakula, mbuzi wanamaliza maua ya jirani. Lakini nimeitengeneza injini, Kaka, na sasa hakuna kinachotusimamisha tena pale.

Pumzika sasa. Kitundu kitabaki wazi, na palizi ya kaburi lako ni yangu, bunduki zikinyamaza hata kwa asubuhi moja. Na nakuahidi hili: kila nikivuka, nikifika pale nitaizima injini mwenyewe. Nitaacha maji yanichukue kidogo, nikusalimie. Halafu nitavuta kamba.

Mdogo wako,
Poni