Simu ya Zizini

Port Lorne,
Jumatatu, katikati ya Januari

Mdogo wangu mpendwa Conrad,

Pokea salamu za dada yako kutoka huku kwenye theluji. Natumai barua hii itakukuta u mzima, unakula vizuri, na kwamba jua la huko Arizona linakutendea wema kuliko watu wa nyumbani walivyokutendea. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua kama kila msimu wa baridi, lakini kanisani bado anafika kabla ya padri, na kila siku ananiuliza kama umepata mtu wa kukupikia supu. Mimi pia ni mzima, isipokuwa kwa jambo moja nitakalokueleza huko mbele. Usiucheke mwandiko wangu. Najua umepinda kama wa mtoto wa darasa la kwanza, lakini nimejitahidi, na sababu yake utaijua kabla hujaikunja karatasi hii.

Ningekupigia, ila umezima simu tangu Septemba na wala sikulaumu. Mtu aliyetukanwa na mji mzima ana haki ya kuzima simu. Kadi yako ya Krismasi tuliipata. Mama alisoma zile salamu akafurahi, nami nikasoma yale maneno madogo uliyoyaandika pembeni, ambayo nadhani ulitaka niyasome mimi peke yangu. Kwamba hujagusa mpira wa besiboli tangu mechi ya mwisho, lakini kila Jumapili unaamka shati limelowa jasho, mkono wa kulia unawaka kama umerusha jioni nzima. Kwamba daktari ameupiga picha mara mbili na haoni kitu. Kwamba klabu itakupima kabla ya kambi ya Februari ndipo iamue kama inakupa mkataba au inakuacha, na mkono ukiendelea hivi umekwisha. Nilikaa na kadi hiyo mpaka chai ikapoa.

Sasa nikupe habari za kwa Philomena, maana ndiko mambo yalikoanzia. Baa haijabadilika. Mpira ukiisha uwanjani unahamia pale, kama ilivyokuwa tangu enzi za babu. Jumamosi baada ya chakula cha mchana watu wanavuta viti karibu na jiko la makaa, wanaagiza bia na pierogi za kabichi, wanaanza kuijenga timu upya: nani abaki, nani auzwe, nani arudi kwao akalime viazi. Siku hizo nahudumu mimi, kwa hiyo nayasikia yote. Na mwaka huu hoja ni moja tu, zizi. Ndiyo, nyinyi warushaji wa akiba, mliokuwa mkikaa kule nyuma ya ukuta mkingoja simu ya kocha. Kuwasikia wanavyowachambua ungedhani mliiba sadaka.

Mwenye mdomo ni yule yule Gus Petrakis, fundi bomba. Anasema timu inaongoza vipindi saba kati ya tisa, kisha mlango wa zizi unafunguliwa na ng'ombe wanatoka wanakula mazao yote. Anataka wote wauzwe, hata kwa mfuko wa mipira mitupu. Mzee Tolliver, aliyekuwa tarishi wa mtaa wetu, alikuwa akikutetea. Alisema kijana ameitwa mara nyingi mno, leo, kesho, keshokutwa, na mkono wa mtu si bomba la kufungua na kufunga. Gus akamjibu, "Mzee wangu, hata bomba langu bovu kabisa halivuji namna ile!" Baa nzima ikacheka. Kisha akanigeukia mimi: "Dada Renata, usininunie bwana. Wewe nakupenda. Mdogo wako naye nampenda, mpaka kipindi cha nane." Nikamwambia bia yake inayofuata nitaitia chumvi, na nilifanya hivyo kweli.

Unaikumbuka simu iliyo ukutani juu ya kile kiti cha Baba. Wakati uwanja wa zamani unabomolewa Philomena aliinunua, ile ile ya zizini, nyeusi, isiyo na namba, ambayo Baba aliipokea miaka yote aliyokuwa mdakaji wa kuwapasha warushaji moto. Waya wake ulikatwa siku walipoing'oa. Kipande kilichobaki kinaning'inia, hakifiki hata kwenye meza. Baba alipokuwa hai hakuna aliyethubutu kuigusa. Alikuwa akisema simu hiyo si kichezeo, kwamba ikilia kuna mtu anainuka kupasha mkono moto, na mtu akiinuka anautoa mkono wake. Baada ya kumzika, woga ukaisha. Novemba, katika ubishi wa zizi, Gus aliunyanyua mkonga akapiga kelele, "Haloo, zizini? Mwinueni Conrad Kubacki, huku kunaungua!" Watu walicheka mpaka wakamwaga bia. Akaurudisha mkonga, wakaendelea na ubishi wao. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya kila Jumamosi. Wakifika kwenye jina lako, Gus anaiendea simu.

Nami nilicheka, Conrad. Siku ya kwanza nilicheka.

Mara ya tatu au ya nne, Gus alipourudisha mkonga, nilikuwa nimesimama chini ya simu nikikusanya sahani. Nikasikia mlio mdogo ukitoka mle ndani. Pap. Kimya. Pap. Kimya. Nilidhani ni bomba la joto, lakini ulikuwa na mwendo wake, na baina ya mlio na mlio kulikuwa na nafasi ya mtu kurudishiwa mpira na kuvuta pumzi. Wewe na mimi tumelala utotoni tukiusikia mlio huo uani. Ni mpira unaingia kwenye glavu ya Baba, ile kuukuu iliyolegea katikati, iliyokuwa ikitoa sauti nzito kuliko glavu za watu wengine. Glavu tuliyomzika nayo. Niligeuka nikamwona Mzee Tolliver ameshusha kikombe chake, anaitazama simu. Alivaa koti akaenda zake, na Jumamosi iliyofuata akahamia kiti cha mlangoni.

Nilijiambia ni uchovu. Jumamosi nyingine nikaugusa mkonga baada ya Gus kuuacha, nikaukuta una joto, na si joto la kiganja cha Gus, maana ulikuwa na joto pande zote. Ulinukia ile dawa ya kuchua misuli aliyokuwa akija nayo Baba nyumbani, mpaka Mama akamkataza kukaa kwenye kochi. Niliogopa sana, sikufichi. Nikausafisha kwa kitambaa kama mpumbavu, kana kwamba harufu ile ni uchafu.

Kisha ikaja kadi yako, na neno Jumapili. Hapo nikaelewa, na nadhani kwa kuwa tumelelewa na mtu yule hata wewe umeshaelewa. Unakumbuka alivyokuwa akirudi na hasira, hali chakula, siku ambazo kocha amemwinua mtu, akapasha, akapasha tena, halafu hakumwingiza wala hakupiga simu kumkalisha. Alikuwa akisema huko ni kumla mtu mzima mzima bila kumtia chumvi, kwa sababu mkono uliopashwa bila kutumika umechoka sawa na uliotumika, na mwenye mkono haachi kurusha mpaka aambiwe kaa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya zizi. Sasa watu wa kwa Philomena walikuwa wanakuinua kila Jumamosi kwa mzaha, na wakishacheka wanarudi kwenye bia. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kukukalisha. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Jumamosi iliyopita niliwaeleza. Nilisimama mbele ya jiko na sinia mkononi nikawasomea maneno yako ya pembeni ya kadi. Nisamehe kwa hilo. Nikawaambia kuhusu mlio, na nikamwomba Gus, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuinua, apige akukalishe. Walitazamana. Philomena akafanya ishara ya msalaba. Gus akasema dada Renata sasa nawe umezidi, baridi imekuingia kichwani, simu yenyewe haina waya. Mzee Tolliver akamwambia kutoka mlangoni, "Kama haina waya unaogopa nini? Nyanyua." Basi Gus akainuka, anacheka cheka, akaunyanyua mkonga, akasema haloo, zizini, yule Kubacki mkalisheni bwana, mkutano umefungwa.

Safari hii hakuurudisha. Alisimama pale akisikiliza, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Theluji ilikuwa ikigonga dirisha, mchana mweupe, hakuna aliyetafuna. Akaunyoosha mkonga kwangu bila kunitazama. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake, "Kuna mtu anauliza swali. Mimi siliwezi. Pokea wewe."

Nikapokea. Kwanza nilisikia watu, wengi sana, mbali, kama uwanja uliojaa wakati mechi imefika pabaya na kila mmoja amesimama. Kisha akasema neno lile alilokuwa akilisema badala ya haloo, "Zizi." Conrad, ilikuwa sauti yake. Haikuwa ya zile siku za hospitali, bali ile ya zamani, ya mtu mwenye kazi mkononi. Nikamwita Baba. Nikamuuliza yuko wapi, na ni mechi gani inayochezwa huko. Hakujibu, na wewe unajua hakuwahi kujibu swali lisilohusu kazi. Nilikuwa nalia, lakini nikasema nilichotakiwa kusema: mkalishe Conrad. Nyuma yake ile pap, pap, ikasimama.

Nilitaka kushukuru. Lakini akauliza, taratibu tu, kama alivyokuwa akimuuliza kocha, "Na nani ainuke?"

Nikamwambia hatuhitaji mtu, Baba, msimu umekwisha. Akarudia lile lile. Nikasikia umati ule ukipanda sauti, nikajua mechi yao haijaisha, na kwamba simu ile haikati mpaka ipewe jina. Nikiondoka bila kujibu, mwenye mkono uliopata moto ataendelea kuwa wewe. Niligeuka nikawatazama watu waliokutukana msimu mzima. Gus alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee Tolliver alifungua mdomo, na naamini alitaka kujitaja yeye, mzee wa watu mwenye moyo wa betri. Sikumpa nafasi.

Nilimtajia jina langu, Conrad.

Nikasikia glavu ile ikikunjwa taratibu, na hapo ndipo nilipohisi kwamba ananijua. Kisha akasema "Sawa," simu ikawa mfu kama kipande cha mbao.

Jana ilikuwa Jumapili. Niliamka nimelowa, na mkono wangu wa kulia unawaka kutoka begani hadi vidoleni. Kikombe siwezi kukishika, na barua hii nimeiandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala kila upande. Usihuzunike. Mkono wangu hauna mkataba wa kupoteza, sinia naweza kulibeba kwa huu mwingine, na Gus tangu juzi anajichukulia bia mwenyewe na kuosha bilauri yake. Kwa Philomena hawasemi tena nani auzwe. Juzi jioni walikaa karibu na jiko, wakazungumzia bei ya chumvi ya kuyeyusha theluji barabarani.

Naomba kwako mambo mawili. La kwanza, nijulishe mkono wako uliamkaje jana. Kama uliamka baridi, nitajua nilisema na niliyedhani nasema naye, na hilo litanitosha. La pili ndilo kubwa. Nakujua wewe. Ukishaisoma barua hii utataka kupanda ndege uje kwa Philomena, uunyanyue mkonga ule, useme mkalishe Renata. Usifanye hivyo. Atakuuliza nani ainuke, nawe huna mtu mwingine wa kumtaja isipokuwa wewe mwenyewe, au Mama.

Nenda kambini Februari. Rusha kama alivyokufundisha, chini, nje, usiharakishe. Mimi nitakuwa nimesimama, na nikiitwa kuingia kwenye mechi ya Baba, nitaingia.

Mama anakubusu kwenye paji la uso na anasema uvae soksi hata kama huko kuna jua. Philomena anakusalimu, Mzee Tolliver anakusalimu, na Gus amesema nikuandikie kwamba anaomba radhi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Renata