Mpaka wa Manjano

Jumatatu, 6 Agosti 2007
Nimebadilisha tena rangi ya mpaka wa dirisha kwenye kompyuta. Kijani nimeondoa, nimeweka buluu. Unene pikseli moja, kidoti kimoja cha skrini, unywele tu. Unapendeza. Hakuna mtu Machakos nzima atakayejua nilichofanya mchana kutwa, na sijali.

Kompyuta ya duka ni kuukuu. Mfumo wa kwanza uliilemea, nikaweka mfumo mwepesi wa Linux na programu ndogo ya kupanga madirisha. Humu madirisha hayalaliani. Yanagawana skrini, hili kushoto, hili kulia, kama ndugu waliogawiwa shamba. Lile linaloandikiwa mpaka wake una rangi. Lingine kijivu. Mke wangu Syombua anapiga chapa, mimi natengeneza mashine. Ndivyo tunavyokula.

Jumatano, 8 Agosti
Syombua ameandika mstari mzima kwenye dirisha la kushoto, kumbe alitaka la kulia. Akafuta, akacheka. Baadaye tena. Hakucheka.

Najua sababu. Mshale wa kipanya ukihamia dirisha lingine, maandishi yanaufuata. Kiwiko chake kinakigonga kipanya. Lakini mpaka si unabadilika rangi? Hata usipoutazama utauona kwa pembe ya jicho. Nimeunenepesha. Pikseli tatu. Sipendi unavyokaa.

Ijumaa, 10 Agosti
Pikseli sita, nyekundu. Bado anakosea. Nimemwambia awe makini. Akasema, "Baba Mueni, ondoa hii mistari yako yote. Nipatie kompyuta kama ya watu."

Imeniuma. Siku nzima hatukuongea. Akitoka amegonga bega kwenye fremu ya mlango. Hasira, nikasema moyoni.

Jumatatu, 13 Agosti
Balaa.

Mama Ndinda amekuja kutoka Tala na boksi la kadi za harusi ya binti yake. Alizichukua Jumamosi bila kusoma. Jana shemeji yake alisoma moja kwa sauti mbele ya wazee wa pande zote mbili. "Tunakualika kwa furaha kuu." Halafu, mstari wa chini yake: "Ameacha mjane na watoto saba."

Ni maneno ya wasifu wa marehemu mmoja wa Mitaboni. Kazi hizo mbili zilikuwa wazi pamoja, dirisha kwa dirisha. Mimi ndiye niliyechapisha. Sikusoma pia.

"Mnataka msichana wangu aolewe na kaburi?" Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Mama wa bwana harusi sasa anasema hiyo ni ishara mbaya. Wanataka kusongesha siku mbele. Wengine wanataka ivunjwe kabisa.

Syombua alizikusanya kadi, akazirudisha kwenye boksi. Nilitaka aseme kitu. Hata uongo.

Jumanne, 14 Agosti
Kadi tumezichapa upya. Nimezisoma mpaka macho yakauma.

Kisha nikaweka mpaka wa manjano, pikseli ishirini. Mbaya kama ukuta wa baa. Mtu angeuona kutoka ng'ambo ya barabara. Nikamkalisha Syombua, nikasogeza mshale. Dirisha gani? Kushoto, akasema. Ilikuwa kulia. Nikasogeza tena. Akakosa tena. Nilidhani ananifanyia makusudi. Nikamfokea, duka liko wazi, watu wanapita.

Akaanza kugeuza kichwa polepole, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, hadi pua ikaelekea kabisa ukingo wa skrini.

"Aa," akasema. "Ni manjano."

Nikamwambia atazame mbele, nikaweka mkono wangu kando ya sikio lake na kuuleta mbele kidogo kidogo. Aseme akiuona. Mkono ulikuwa karibu kufika puani ndipo aliposema.

Tangu lini? nikamuuliza.

"Tangu mavuno ya mwaka jana. Nilidhani ni uchovu. Halafu nikaogopa. Ukijua utanikalisha nyumbani."

Nimefunga duka mapema. Sijui kukaa. Nimezunguka ua kama kuku anayetaka kutaga.

Alhamisi, 16 Agosti
Kliniki ya macho. Foleni ndefu, benchi gumu. Daktari, mama mpole, alimweleza yeye, si mimi. Presha ndani ya macho. Imekula pembeni, katikati bado. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone kila siku, asikose, ili kilichobaki kibaki.

Syombua aliuliza swali moja tu. "Naweza kupiga chapa?"

"Kwa kilichobaki, ndiyo."

Tukirudi kupitia sokoni, mkokoteni wa vitunguu ulitokea upande wake wa kushoto. Mwenye mkokoteni alikuwa anapiga mluzi watu wampishe. Syombua hakugeuka. Nikamvuta mkono, gurudumu likapita juu ya kiatu chake. Ni mingapi imempita hivyo mimi sipo? Nina hasira na sina wa kumkasirikia.

Jumamosi, 18 Agosti
Asubuhi yote nimejaribu mipaka. Pikseli hamsini. Mia. Ya kumetameta. Kila mara naijenga programu upya, naifunga, naifungua. Najua haisaidii. Mikono inakataa kutulia.

Syombua akaja akasimama nyuma yangu. "Wachana na pembeni, Baba Mueni. Huko kumeenda. Niwekee rangi hapa ninapotazama."

Basi. Sasa madirisha yanakuja moja moja, kila moja limejaa skrini nzima. Karatasi yenyewe ndiyo ina rangi. Kazi moja manjano hafifu, nyingine samawati. Anabadilisha kwa kibodi. Kipanya nimekichomoa. Unene wa mpaka: sifuri.

Imeniuma kidogo kuandika hiyo sifuri. Ujinga, lakini ni kweli.

Amepiga kurasa tisa. Hakuna kosa la dirisha.

Jumatano, 22 Agosti
Syombua amekwenda Tala kumwambia Mama Ndinda ukweli. Sikutaka aende. Watu watasema, wateja watakimbia. Akasema atakwenda na mimi au bila mimi. Nikafuatana naye.

Alieleza yote amesimama. Mama Ndinda alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamletea kiti. Akawaita wale wakwe, Syombua akarudia mbele yao. Mama wa bwana harusi akatikisa kichwa. "Kumbe ni macho. Na sisi tumekaa hapa kuogopa mizimu."

Siku ya harusi ni ile ile. Tumealikwa. Syombua ameambiwa atakaa mbele kabisa.

Jumapili, 26 Agosti
Baada ya kanisa alitaka twende juu kwenye vilima vya Iveti. Tulipanda taratibu, ameshika mkono wangu. Kulikuwa na upepo na harufu ya mikaratusi. Mji wote chini, mabati yanang'aa.

Aliutazama kuanzia upande mmoja, akageuza kichwa kidogo kidogo hadi mwisho wa upande mwingine. Kisha akarudi, akaanza tena. Nilimngoja. Hakuna aliyekuwa na haraka.