Daftari la Wakazi wa Thornby

Janesville, Wisconsin
9 Februari 1986

Mpendwa binamu Dale,

Hujambo huko Seattle? Umeshapona kile kikohozi? Sisi hatujambo, ila goti la Mama linamsumbua kwa baridi, na theluji imefika dirishani. Mama yako, Shangazi Lorna, bado anatuita kula samaki kila Ijumaa, na bado anakuwekea sahani kwa kusahau kuwa umehama.

Barua yako nimeipata. Unataka daftari la wakazi wa Thornby, kile kijiji cha kubuni cha mchezo wetu wa kuigiza mashujaa mezani, ili wewe na Tricia, mwenzako mpya wa mchezo huko, mkitolee kitabu. Nitasema wazi: nina wivu. Wiki mbili sasa, mpaka Mama akanishangaa. "Wee Janelle, unanuna kwa ajili ya watu ambao hata hawapo? Mpe mwenzio daftari lake."

Lake wapi? Wewe ulibuni mashujaa. Wale wengine, ambao hakuna mchezaji anayewachukua, niliwahesabu mimi: watu mia nne na kumi na wawili, wahunzi wawili, msagaji, mkunga, wakulima wasioshika upanga. Mchawi nilimweka mmoja tu, mzee, ambaye akijitahidi sana huwasha mshumaa.

Sasa kwenye karatasi ulizonitumia, Tricia kaweka wachawi thelathini na wapiganaji mia. Ng'ombe atakamuliwa na nani? Mwambie huyo bibie wachawi nao wanakula mkate. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikalia, maana chini ya ukurasa umemwandikia "kazi nzuri sana". Mimi hukuwahi kuniandikia hivyo.

Daftari nimelitia ndani ya bahasha hii. Nimerekebisha mahali pamoja tu. Unamkumbuka yule mpiga kengele uliyempa jina lako tukiwa na miaka kumi na mitatu, aliyekaa jirani na mkunga wangu? Nimemwandikia "amehama". Wakazi wamebaki mia nne na kumi na mmoja, na kengele anaipiga mkunga.

Tricia awapange watu wake popote apendapo. Nyumba ya mpiga kengele tu asiiandikie mtu.

Mama na Shangazi Lorna wanakusalimu sana. Nisalimie Tricia, kidogo. Mungu akutunze, na siku moja akulete Ijumaa, samaki wakiwa bado moto.

Ni mimi nikupendaye hata nikinuna,
Janelle