Kuhesabu Mateke

Jumatatu, 4 Machi
Nina miaka themanini na moja. Ndui niliishinda, jukwaa la ujenzi liliniangusha mara mbili nikainuka, nimezika wake wawili na daktari aliyesema sitafika sitini. Kuandika nimejifunza uzeeni, kwa ubishi tu.
Mjukuu wangu ana mimba ya miezi minane. Kliniki wanafanya utafiti wa akili za watoto tumboni. Kila siku akae saa moja, aandike mateke. Leo matatu. Mstari wa chati yao unataka kumi!

Jumatano, 6 Machi
Kliniki. Mtafiti anasema mstari ulichorwa kwa watoto wa nchi nyingine, labda wa huku ni wapole. Mkunga kamkatiza: au huyu ubongo wake haupati hewa! Wakabishana mbele yetu. Mjukuu kaniminya mkono. Mateke yasipoongezeka, apasuliwe mtoto atolewe wiki hii.
Mimi mwashi miaka hamsini. Ukuta ukionekana umepinda, naangalia kwanza timazi yangu, kamba ninayoupimia.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekaa naye akihesabu. Tumbo likavimba upande, likahama kama paka ndani ya gunia. Hakuandika.
— Mbona huandiki?
— Babu, huko ni kujigeuza. Wameuliza mateke.
— Na kwikwi?
— Kwikwi ni teke, Babu?
Siku kumi na mbili anaandika mateke matupu! Ukaidi kautoa kwangu. Wangeuliza "amecheza mara ngapi", angejibu sawa. Tumehesabu kucheza kote: kumi na saba! Nimezunguka nyumba nzima kifua mbele.

Ijumaa, 8 Machi
Kliniki tena. Mtafiti kasikia habari ya kucheza, kashika kichwa. Wanawake mia mbili wameulizwa mateke. Mkunga kamcheka: "Karatasi zenu zilitafsiriwa na mtu asiyewahi kushika tumbo!" Upasuaji umefutwa. Nimewapa mikono wote kama mkubwa wa kliniki.

Jumamosi, 9 Machi
Tangu asubuhi hajacheza. Si teke, si kujigeuza, si kwikwi.
Mjukuu alitaka twende mapema. Nikasema amelala huyo, mimi namjua. Tukangoja masaa matatu — kwa neno langu!
Sasa tupo kliniki, mimi benchi la nje. Mlango haukufungwa vizuri. Mkunga anapitisha tumboni mashine ya kusikilizia moyo wa mtoto, nasikia mikwaruzo tu. Kamwambia ageukie kushoto. Mikwaruzo tena.
Nimeandika kweli tupu, hata hayo masaa matatu. Shahidi ni mkunga. Wa pili mjukuu wangu, ananiita sasa hivi. Wa tatu wanamtafuta.