Viti Viwili na Mama Mkwe

Jumapili, 4 Mei

Nimerudi kutoka Siakago. Oili iko sawa, maji yako sawa, gunia la ndengu liko kwenye kiti cha abiria. Wanja, mke wangu, hunipa ndengu kila wiki kana kwamba hapa Meru haziuzwi. Nalifunga gunia mkanda, la sivyo gari linapiga kelele njia nzima kwamba abiria hajafunga. Miezi saba sasa yuko kwao akimtunza mamake aliyefifia macho. Miezi saba abiria wangu ni gunia.

Kwenye ule mlima baada ya daraja la Nithi, injini ilinguruma na gari halikwenda. Klachi inateleza. Lori la viazi likanipita. Gari la spoti, na lori la viazi.

Jumanne, 6 Mei

Nimewapigia wakala wa kampuni ya gari, Nairobi. Klachi mpya, kazi na spea, laki moja na arobaini. Kupima kwa kompyuta ni pesa nyingine, hata kama ugonjwa nimewatajia mwenyewe.

Mutwiri, fundi wangu wa hapa karibu na soko, anasema ataweka ya mtumba kwa robo ya bei hiyo. Anajua kazi, simkatai. Lakini gari hili nililinunua kwa daktari aliyekuwa akihama, na kitabu chake cha sevisi kilikuwa na mihuri kumi na mmoja ya wakala, hakuna mwaka ulioruka. Sitaki mwaka urukwe mikononi mwangu. Ni majivuno tu, najua. Muuza nyama aliyetamani gari la namna hii tangu akivaa kaptura, akalipata akiwa na miaka arobaini na sita na tumbo. Mtaani wananiuliza ng'ombe huwa anakaa kiti gani.

Jumatano, 14 Mei

Nairobi. Nimekaa kwenye makochi yao tangu asubuhi. Kahawa walisema ni ya bure. Nadhani nimeilipia pale kwenye bili palipoandikwa "vifaa vidogo vidogo".

Kijana wa mapokezi, shati jeupe, kucha safi kuliko zangu, alinionyesha pleti ya klachi ya zamani. Imeisha kabisa. Akanionya nisilaze mguu kwenye klachi, na nisithubutu kumfundishia mtu kuendesha kwa gari hili. Mwanafunzi huimaliza klachi upesi, alisema. Nikacheka. Nimfundishe nani?

Mhuri wa kumi na mbili umepigwa. Nimeutazama mara tatu njiani. Pesa ilikuwa ya friji ya bucha.

Jumamosi, 17 Mei

Gari limepanda Nithi kama halijui kuna mlima. Nimefika Siakago nikiimba.

Kuna habari. Hospitali ya Meru imempa mama mkwe siku ya kupasuliwa macho, Ijumaa tarehe 30. Akiona, atajipikia, atajichotea maji, na Wanja atarudi nyumbani.  Nikasema papo hapo nitampeleka mimi.

 Mama mkwe alikuwa nyuma ya mlango, kama siku zote. Huku kwa Wambeere mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hatujawahi kupeana mkono. Miaka kumi na tisa ya ndoa namjua kwa sauti tu, yeye ndani, mimi uani. Nikibisha hodi anajifunika leso na kuondoka. Ni heshima, na siku zote nimeiona nzuri.

Wanja aliingia ndani, akakaa, akatoka akiangalia chini.

"Mama anasema gari lako lina viti viwili," akaniambia. "Magoti yake na yako hayawezi kukaa pamoja mpaka Meru. Anasema heri abaki na giza lake."

Jumapili, 18 Mei

Hasira kutoka Siakago mpaka mlangoni.

Matatu mama mkwe amezikataa tangu mwaka jana, moja ilipomshusha ikiwa bado inatembea akavunjika mkono. Kukodi teksi, kwenda na kurudi, nimeulizia. Bei waliyonitajia ningeilipa bila kulalamika mwezi uliopita. Sasa pesa yangu iko chini ya gari, imefungwa na bolti, ina mhuri. Nilihofia ukurasa mtupu kwenye kitabu, na macho ya mama wa watu yananingoja.

Nimepika ugali, umekuwa mgumu. Nimekula nikisimama. Ndara za Wanja ziko pale alipoziacha mlangoni. Nazifagilia kando, kisha nazirudisha.

Ijumaa, 23 Mei

Nimetoka msikitini nikakuta simu ya Wanja ambayo sikuipokea. Nikapiga.

"Nifundishe," akasema.

Sikuuliza nini. Leseni anayo, aliipata kabla hatujaoana, ikalala kabatini. Yeye akiendesha, mama atakaa karibu na bintiye, na mimi sitakuwa ndani. Amelifikiria wiki nzima, nami nilikuwa nikifikiria teksi.

Nikaona uso wa yule kijana wa shati jeupe. Nikasema kesho nakuja.

Jumamosi, 24 Mei

Uwanja wa mpira wa shule, Siakago. Gari limezimika mara ishirini. Limeruka kama mbuzi. Kisha ile harufu, ya kitu cha laki moja na arobaini kikiungua. Niliuma ulimi.

Lakini alikuwa karibu. Mkono wake kwenye gia, wangu juu ya wake, moja, mbili, rudi. Ana jasho juu ya mdomo, kama alivyokuwa nilipomwona mara ya kwanza akipepeta mtama. Miezi saba tunaonana uani, mama yake akisikiliza kila neno. Leo tulikuwa wawili, milango imefungwa, saa tatu nzima. Hatukusema la maana. Nilimwambia aachie mguu polepole. Nilitamani asijue haraka.

Jumapili, 25 Mei

Amejua. Ameendesha mpaka Embu na kurudi. Nimemwachia ufunguo ili azoee, nimerudi Meru na gari za abiria. Nimekaa vibaya njia nzima, mguu wangu wa kushoto ukikanyaga klachi isiyokuwepo.

Alhamisi, 29 Mei

Nimefika Siakago asubuhi kuwaona wakiondoka. Wanja akaniambia nigeuke. Nikageukia ua wa miti nikahesabu matawi. Nikasikia fimbo, nyayo, leso ikiburuzika. Mlango ukafungwa. Gia ya kwanza ikalia kwa uchungu, ya pili ikaingia.

Nilipogeuka ni vumbi tu. Gari langu linakwenda kwangu na mke wangu ndani, na mimi niko uani kwa watu na gunia la ndengu lililokosa nafasi. Nimelibeba begani mpaka lami.

Jumanne, 3 Juni

Upasuaji umekwenda vizuri. Daktari anataka mama akae karibu na hospitali kwa wiki mbili. Yuko nyumbani kwangu, Wanja pia. Basi mimi siwezi kulala pale, nalala kwa kaka yangu, nyumba ya nne kutoka kwangu. Wanja huleta chakula bucha na kurudi mbio kumtia mama dawa.

Ilikuwa afadhali alipokuwa mbali. Siakago niliizoea. Sasa naona taa ya chumba changu na siwezi kubisha. Namtaka mke wangu. Naandika hivyo hivyo.

Jumapili, 15 Juni

Jana Wanja alimrudisha mama Siakago. Leo alasiri nikisafisha meza ya nyama, honi nje. Alikuwa peke yake. Kiti cha abiria, gunia la ndengu, limefungwa mkanda.

Mama anaona mpaka ng'ambo ya bonde. Amemtuma aniambie kwamba alinichungulia dirishani nikipita kwenda bucha, na kwamba mimi ni mfupi kuliko sauti yangu.

Harufu ya klachi niliisikia kabla sijafika kwenye gari. Mutwiri alikuwa mlangoni, akanitazama. Nikamwambia aje kesho na ile yake ya mtumba. Kitabu kitakuwa na ukurasa mtupu.

Wanja hakutoka kwenye kiti cha dereva. Nikafungua upande ule mwingine, ambao kabla ya kumfundisha sikuwahi kuukalia, nikaingia, nikalipakata gunia. Gari likazimika mara moja pale kwenye mzunguko.  Akaliwasha tena.