Mlango Usio na Kishikio

Perambur, Jumapili

Akka Poongodi, dada yangu uliyenilea,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itawakuta salama wewe, shemeji, Mama na kijana wetu Mukilan. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mwambie asiache kuukanda kwa mafuta ya nyonyo. Mimi mwili ni mzima, yaliyobaki utayasoma.

Barua yako kali nimeipata. Unasema nimeota mapembe tangu nianze kuchora treni, na kwamba majirani wanakuuliza ni mtoto gani huyo wa kiume, tena wa pekee, asiyetaka kuja kumwekea baba yake wali siku ya kutimiza mwaka wa kifo chake. Unasema usiponiona Ijumaa hiyo nisikuite tena Akka. Una haki, dada. Lakini si kiburi. Laiti kingekuwa kiburi.

Unakumbuka nilimwalika Baba asafiri nami wiki ya kwanza ya treni yetu mpya. Alivaa lile shati la harusi yako. Nilimweleza mpaka akachoka: kwamba haina kichwa cha kuivuta, mota zimefichwa chini ya mabehewa, ndiyo maana inaondoka kwa kasi, kwamba milango, kazi yangu mwenyewe, inajifunga, ngazi zinajikunja ndani, na nje hakuna pa kushika. Baba akaupapasa mlango, akauliza kama tumetengeneza treni au chupa ya achari. Abiria wakacheka. Na mimi nikacheka, ila iliniuma, maana Mhandisi Thangaraj, mkubwa wangu, alikuwa kiti cha nyuma anasikia yote.

Na unamjua Baba na chai ya stesheni. Tangu tukiwa wadogo alishuka kila kituo, Mama akimgombeza dirishani, naye anangoja mpaka treni ianze kujikokota ndipo akimbie na kudaka chuma cha mlangoni. Alikuwa akituambia kwamba chai ya kukimbiza treni ndiyo tamu.

Niliwaambia moyo wake ulisimama akiwa anakunywa chai, akaanguka relini. Niliwadanganya, Akka.

Alishuka wakati nazungumza na Thangaraj. Kugeuka, milango imeshafungwa, na Baba yuko nje ya kioo na kikombe mkononi, anatabasamu. Akanigongea. Alijua mlango ni wa mwanawe. Pembeni pana mpini wa dharura wa kusimamisha treni. Niliuweka chini mimi mwenyewe, hata mtoto aufikie. Nikaushika. Nikawaza treni isimamishwe wiki ya kwanza kwa ajili ya baba yangu na chai yake, Thangaraj ananitazama. Tena nilikuwa na hasira. Nikasema moyoni leo na akome, atakuja na treni ya nyuma. Nikauondoa mkono wangu.

Treni ikaondoka kama tulivyoiunda iondoke. Baba akatupa kikombe, akakimbia. Mkono wake ulikuwa unapapasa ubavu wa behewa, mguu unatafuta ngazi, macho yako kwangu, bado anacheka kidogo. Kisha sikumwona tena. Hapo ndipo nilipovuta. Treni ilisimama vizuri sana. Wakaguzi waliandika kwamba mlango haukuwa na kosa, na ni kweli.

Tangu siku hiyo sili nikashiba. Kazini wananisifu, nami natamani ardhi inimeze.

Sasa unataka niuweke wali ukutani na kuwaita kunguru waje kuula, Baba akiwa ndani yao kama tunavyoamini. Naogopa wasije, watu wote wakaona kwamba ameukataa. Naogopa zaidi wakija. Atakuwa amenijia mbio tena.

Mpe mwanao Mukilan aufanye wajibu huo, tafadhali, naye ni mjukuu wake. Mama umwambie au umfiche, nimekuachia wewe.

Nisalimie shemeji na wote wanaoniulizia hapo nyumbani. Ukinyamaza nitaelewa, wala sitakulaumu.

Mdogo wako, kama bado unanikubali,
Elango