Kitufe Chenye Jina la Mke Wangu

Mshauri, mke wangu amekufa. Pikipiki iliteleza kwenye mvua, na boksi la viatu vya mtu nyuma. Mimi ni mbeba zege, kuandika sijui sana, nivumilie. Ile programu ya simu aliyofanyia kazi, ya kuita mtu akupelekee mzigo, aliibuni mdogo wake, shemeji yangu, tunamwita Injinia, aliibuni kwangu, akila kwangu, akilala kwangu, na mke wangu ndiye aliyemjaribishia barabarani, akamwambia mapema weka kitufe cha kupumzika, maana mtu akijikinga mvua simu inamhesabu mvivu, akirudi anakuta ameshushwa mkiani na mizigo wamepewa wengine. Injinia akacheka. "Dada, nikiweka hicho, mvua ikinyesha mtalala wote."

Basi siku ile ya mvua mke wangu hakusimama.

Sasa kitufe kakiweka. Kakipa jina la mke wangu. Kuna sherehe ya kukizindua, anataka nipande jukwaani niseme dada yake angefurahi. Nikamwambia nikikuona tena mlangoni nitakuvunja miguu, upumzike vizuri. Mama mkwe analia, anasema kazika mmoja, nisimzikishe wa pili akiwa hai. Yule mama namheshimu. Niende? Au nimlazimishe akifute?

MSHAURI ANAJIBU

Pole sana, ndugu yangu. Usiende. Ulimi wa mfiwa haukodishwi kupamba biashara. Hasira yako ni ya haki, ila hayo ya kuvunja miguu yamemliza mama wa watu bure. Na kukifuta, hapo umepotoka kabisa. Hicho ndicho mkeo alichoomba. Wenzake wanalowa barabarani leo, unataka nao wafe ili wewe upoe? Muite shemeji yako mbele ya mama yake. Jina litoke, kitufe kibaki, na atakayekibonyeza asishushwe. Ukishasema, nyamaza. Kusamehe hakulazimishwi.

ALIYEANDIKA ANARUDI

Mshauri, nilimwita. Mama mkwe akakaa katikati yetu. Injinia alilia, mimi sikulia. Jina kalitoa. Kwenye hilo la kushushwa akaanza kujikanyaga, eti wateja watalalamika. Mama akamwambia, "Huinuki hapo mpaka urekebishe." Karekebisha, sisi tunamwangalia. Sijamsamehe. Kesho narudi kazini.